Ardhi Inapotetemeka: Mabamba ya Dunia, Madhara Yasiyolingana na Dhima ya Istilahi za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 2010, katika muda wa siku 46 tu, nchi mbili za bara la Amerika zilikumbwa na matetemeko makubwa ya ardhi. Tarehe 12 Januari tetemeko lenye ukubwa wa 7.0 liliitikisa Haiti karibu na mji mkuu wa Port-au-Prince. Tarehe 27 Februari tetemeko lenye ukubwa wa 8.8 liliitikisa Chile. Kwa hesabu za wanasayansi, nishati iliyofumuka Chile ilikuwa kama mara mia tano ya ile ya Haiti. Mtu asiyejua yaliyotokea angetarajia kwamba msiba wa Chile ungekuwa mkubwa kuliko ule wa Haiti. Mambo yalikuwa kinyume. Chile ilipoteza watu wapatao 525. Kwa upande wa Haiti, makadirio yanatofautiana kuanzia watu laki moja hivi hadi zaidi ya laki tatu, idadi ya juu ikiwa ni ile iliyotolewa na serikali.

Swali linalozuka ni hili: kwa nini tetemeko dogo liue watu wengi na tetemeko kubwa liue wachache? Sehemu ya jibu ni ya kijiolojia: kina cha chanzo, umbali wake kutoka mjini na aina ya udongo. Sehemu nyingine ni ya kiuchumi na kiuhandisi: ubora wa nyumba na usimamizi wa kanuni za ujenzi. Lakini iko sehemu ya tatu ambayo haijadiliwi sana, nayo ndiyo kiini cha mhadhara huu. Sehemu hiyo ni lugha. Jamii huyaitaje matukio haya? Huyatofautishaje? Humwonyaje mtu aliyelala kwamba lazima aamke akimbie? Katika eneo letu, ambapo Kiswahili kinazungumzwa kutoka mwambao wa Bahari ya Hindi hadi chini ya volkano za Kivu, maswali haya si ya anasa ya kitaaluma.

Mhadhara umegawanyika katika sehemu nne. Kwanza, utaeleza kwa ufupi nadharia ya mabamba ya dunia. Pili, utaonyesha jinsi madhara ya matetemeko na volkano yanavyotofautiana. Tatu, utachunguza msamiati wa Kiswahili unaohusika. Mwisho, utajadili lugha ya tahadhari.

2.0 Nadharia ya Mabamba na Kauli ya Kutendana

Mwaka 1912 mwanasayansi wa Kijerumani, Alfred Wegener, alitoa hoja kwamba mabara yaliwahi kuwa nchi kavu moja, kisha yakaachana. Ushahidi wake ulikuwa mzuri: kingo za Afrika na Amerika Kusini zinavyolingana, na masalia ya viumbe wa kale yanayofanana pande zote mbili za bahari. Hata hivyo, hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma mabara, na wenzake wengi wakamkataa. Wegener alifariki mwaka 1930 katika theluji ya Greenland kabla hoja yake haijakubalika. Ni katika miaka ya 1960, baada ya sakafu ya bahari kuchunguzwa na kuonekana kwamba inazaliwa upya katika migongo iliyo katikati ya bahari, ndipo nadharia ya mabamba ilipopata nguvu.

Kwa mujibu wa nadharia hiyo, tabaka gumu la juu la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa na madogo yanayosogea polepole, kwa kasi ya milimita chache au sentimita kadhaa kwa mwaka. Neno bamba limechaguliwa vyema. Mzungumzaji wa Kiswahili analijua kama kipande bapa na kigumu cha bati au chuma, nalo halidai maelezo marefu.

La kufurahisha zaidi kwa mwanaisimu ni namna sarufi ya Kiswahili inavyoipokea nadharia hii. Mipaka ya mabamba ni ya aina tatu. Ipo ambapo mabamba yanaachana, ipo ambapo yanagongana, na ipo ambapo yanapishana. Vitenzi vyote vitatu viko katika kauli ya kutendana, na kiambishi kimoja tu, -an-, kinabeba wazo ambalo lugha nyingine hulieleza kwa maneno kadhaa: kwamba hakuna bamba linalotenda peke yake. Mwalimu anayesema nadharia hii haifundishiki kwa Kiswahili angefaa kutazama kwanza mnyambuliko wa vitenzi.

Mifano ya mipaka hiyo inajulikana. Chile iko mahali ambapo bamba la Nazca linagongana na bamba la Amerika Kusini na kuzama chini yake. Huko ndiko lilikotokea, mwaka 1960, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa vyombo, lenye ukubwa wa 9.5. California iko mahali ambapo mabamba yanapishana. Na Afrika Mashariki iko mahali ambapo mabamba yanaachana. Bamba la Nubia upande wa magharibi na bamba la Somalia upande wa mashariki yanatengana kwa milimita chache kila mwaka, na mpasuko wake ndio Bonde la Ufa.

Jina Bonde la Ufa nalo ni fasiri iliyofanikiwa. Ufa ni kitu cha nyumbani. Mswahili anaujua katika ukuta wake, na anajua kuwa asipouziba utamdai kujenga ukuta. Bonde lenyewe lina matawi mawili. Tawi la mashariki linapita Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Tawi la magharibi linafuata maziwa marefu: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, ni ufa uliojaa maji. Kwa kawaida mtengano huu hauonekani kwa macho, lakini mara chache dunia huharakisha kazi yake. Mwezi Septemba 2005, katika eneo la Afar nchini Ethiopia, ufa wa kilomita zipatazo 60 ulifunguka katika muda wa majuma machache, na mahali pengine ukapanuka hadi mita nane.

3.0 Madhara Yasiyolingana

Afrika Mashariki si ngeni kwa matetemeko. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.4, kubwa kuliko mengi yaliyopimwa barani katika karne ya 20. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilitokea Subukia, Kenya. Matetemeko hayo mawili yalikuwa na nguvu kuliko lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9. Lakini ni la Kagera linalokumbukwa na wengi. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka Bukoba na vitongojini. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zililazimika kufungwa kwa muda. Sababu si siri. Ukuta wa matofali usio na nondo hauvumilii mtikisiko wa upande kwa upande. Kadiri watu wanavyoongezeka na kuta nzito zinavyochukua nafasi ya nyumba nyepesi za miti na nyasi, ndivyo tetemeko lile lile linavyozidi kuwa la hatari.

Kwa upande wa volkano, mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Nyiragongo, katika Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mlima huo una urefu wa mita zipatazo 3,470, na lava yake ina silika kidogo mno, hivyo ni nyepesi kama uji. Tarehe 10 Januari 1977 kingo za mlima zilipasuka na ziwa la lava lililokuwa kreta likamwagika. Katika miteremko ya juu lava ilikwenda kwa kasi iliyokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa, ambayo hakuna mtu awezaye kuikimbia kwa miguu. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia katikati ya mji wa Goma, ikateketeza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya mji, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulimwaga lava tena, jioni, bila onyo lolote rasmi lililotangulia. Lava ilisimama nje kidogo ya uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, matetemeko yakiwa yanaendelea, mamlaka iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, na watu wapatao laki nne wakaondoka kuelekea Sake, Rwanda na kwingineko.

Volkano ya pili ya kulinganisha ni Ol Doinyo Lengai nchini Tanzania, ambayo Wamaasai huiita Mlima wa Mungu. Hiyo ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Joto la lava hiyo ni kama nusu ya joto la lava ya kawaida, nayo hutoka nyeusi au ya kahawia, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu wa hewa. Kwa miaka mingi mlima huu ulikuwa ukibubujika taratibu. Mwezi Julai 2007 matetemeko yalianza karibu na mlima Gelai, na mwezi Septemba mwaka huo Lengai ikabadilika na kulipuka kwa majivu hadi mwaka 2008. Wafugaji walilazimika kuhama na mifugo yao.

Madhara hayo hayaheshimu mipaka ya bara. Mwezi Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull nchini Iceland ilitoa majivu yaliyofunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa. Hakuna aliyeuawa na lava. Lakini huko Naivasha, maelfu ya kilomita kutoka Iceland, maua yaliyokwisha kukatwa yaliozea katika maghala kwa kukosa ndege, na maelfu ya vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani. Naivasha yenyewe iko ndani ya Bonde la Ufa, chini ya volkano ya Longonot, na jirani yake ni Olkaria, ambako mvuke wa chini ya ardhi umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Leo karibu nusu ya umeme wa Kenya unatokana na joto hilo. Ufa uletao msiba ndio huo huo uletao nuru, na udongo wa majivu ndio unaolisha migomba na viazi vya Kivu. Ndiyo maana ushauri wa kuwataka watu wahame kabisa ni mwepesi kuutoa na mgumu kuutekeleza. Watu wa Goma wamejenga kuta za nyumba zao kwa mawe meusi ya lava ile ile iliyowabomolea nyumba za kwanza.

4.0 Msamiati wa Kiswahili Mbele ya Ardhi

Kiswahili kilikulia pwani, mahali ambapo ardhi imetulia kuliko katika Bonde la Ufa. Historia hiyo imeacha alama katika msamiati. Lugha za wakazi wa bonde zina nomino moja ya kurithi kwa tukio hili: Waganda husema musisi, na Wanyarwanda husema umutingito. Kiswahili kimetumia njia mbili nyingine. Kwanza, kimekopa neno zilizala kutoka Kiarabu, ambalo msomi wa dini analikumbuka kwa sura ya Kurani yenye jina hilo. Pili, kimeunda fungu la maneno, tetemeko la ardhi, ambalo ni maelezo zaidi kuliko jina. Mtu hutetemeka kwa homa, kwa baridi au kwa woga. Ardhi nayo imepewa ugonjwa wa binadamu. Hata kitenzi kinachoambatana na tukio ni cha hisi: tetemeko husikika. Lile la tarehe 12 Agosti 2020, lililotokea baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam likiwa na ukubwa wa takriban 6, lilisikika katika maghorofa ya jiji, na watu wakatoka nje.

Haiti inatoa fundisho hapa. Matetemeko makubwa ya mwisho kuubomoa mji wa Port-au-Prince yalikuwa ya mwaka 1751 na 1770. Kumbukumbu ilikuwa imefifia. Baada ya msiba wa 2010 wananchi wenyewe walilipa tetemeko jina la Kikrioli, goudougoudou, tanakali ya mngurumo waliousikia. Neno lilizaliwa baada ya mazishi. Wachile, kinyume chake, wana maneno mawili ya Kihispania wanayoyatofautisha katika mazungumzo ya kila siku: temblor, mtikisiko ambao mtu huungoja upite huku akiendelea na chakula chake, na terremoto, tetemeko liangushalo nyumba. Lugha yao imeweka mpaka baina ya jambo la kuvumilia na jambo la kukimbia. Haidaiwi hapa kwamba neno ndilo lililowaokoa. Kanuni za ujenzi ndizo zilizofanya kazi kubwa. Linalodaiwa ni kwamba jamii inayoishi na jambo hulipa majina, na majina hayo huhifadhi maarifa ya namna ya kuishi nalo.

Katika Kiswahili cha leo maeneo matatu ya msamiati yanahitaji kutazamwa.

Eneo la kwanza ni tofauti kati ya ukubwa na ukali. Vyombo vya habari husema tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9 “katika kipimo cha Rikta”, na msikilizaji huchukulia namba hiyo kuwa ndiyo kipimo cha madhara. Sivyo. Ngoma ikipigwa, nguvu ya mkono wa mpigaji ni moja, lakini sauti inayomfikia aliye karibu si ile inayomfikia aliye ng’ambo ya mto. Ukubwa ni nguvu ya mkono: tetemeko moja lina ukubwa mmoja. Ukali ni sauti inayosikika: tetemeko moja lina ukali mwingi unaotofautiana kijiji kwa kijiji. Maneno yote mawili tayari yapo. Kinachokosekana ni nidhamu ya kuyatumia. Zaidi ya hayo, mizani ya Rikta haiongezeki kama ya dukani. Hatua moja ya ukubwa ni ongezeko la nishati la takriban mara 32, na wanasayansi wenyewe kwa matetemeko makubwa wamekwisha kuhamia kipimo kingine. Mwandishi wa habari anayesema tu “ukubwa wa 5.9” hajakosea kitu.

Eneo la pili ni kitenzi kulipuka. Kiswahili cha magazetini hutumia kitenzi hicho kimoja kwa kila tendo la volkano. Lakini kulipuka ni kitendo cha baruti na bomu. Kina kishindo, na kikishapita kimepita. Mtu aliyeambiwa kwamba Nyiragongo italipuka hungoja kishindo kutoka kileleni. Nyiragongo kwa kawaida haifanyi hivyo. Hupasuka ubavuni, pengine karibu na makazi kuliko kileleni, na kumwaga lava. Mwaka 2002 baadhi ya nyufa zilifunguka pembezoni mwa mji wenyewe. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi ambao haujatumika: kububujika, kufoka, kumwagika, kutiririka, kutifuka. Pendekezo ni kwamba kulipuka kubaki kwa matukio ya Lengai ya 2007, ambapo majivu hurushwa angani, na kububujika au kumwaga kutumike kwa matukio ya Nyiragongo. Kila kitenzi kinamwelekeza msikilizaji kwenye hatua tofauti. Kwa majivu, mtu huhofia paa na pumzi. Kwa lava, hutazama mteremko unaelekea wapi.

Eneo la tatu linaonyesha kwamba Kiswahili pia hutoa, hakikopi tu. Katika eneo la Goma na Sake kuna mashimo na mabonde madogo ambamo hewa ya kabonidioksaidi hujikusanya kutoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini, haina rangi wala harufu, na huua mbuzi, kuku na watoto waliolala kabla mtu mzima aliyesimama hajahisi lolote. Wakazi huyaita mazuku. Neno hilo sasa limo katika maandishi ya wanavolkano ulimwenguni kama istilahi ya kimataifa, na mara nyingi hufasiriwa kuwa ni Kiswahili chenye maana ya upepo mwovu. Mswahili wa pwani akilisikia bila maelezo hatalitambua, na hewa hiyo kwa hakika haivumi. Hata hivyo, wanaolitumia wanajua mahali pa kutolaza mtoto. Ikiwa istilahi ya watu wa Goma imeingia katika majarida ya kisayansi ya dunia, hapana sababu ya kuiacha nje ya kamusi za Kiswahili sanifu kwa kisingizio kwamba haikuzaliwa Unguja.

5.0 Lugha ya Tahadhari

Istilahi sahihi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifikisha. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985 volkano ya Nevado del Ruiz nchini Colombia iliyeyusha sehemu ya barafu yake. Tope zito lilitiririka mabondeni na, baada ya saa zipatazo mbili na nusu, likaufunika mji wa Armero. Zaidi ya watu 20,000 walikufa. Ramani ya hatari ilikuwa imekwisha kuchorwa majuma machache kabla, na mji wa Armero ulikuwa umeonyeshwa ndani yake. Muda ulikuwepo, maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni sauti moja inayoeleweka na kuaminika ya kusema: ondokeni sasa.

Miaka sita baadaye, huko Ufilipino, mambo yalikwenda vingine. Kabla ya mlipuko mkubwa wa Pinatubo wa tarehe 15 Juni 1991, wanasayansi walitumia viwango vya hatari vilivyohesabiwa kwa namba, pamoja na filamu iliyoonyesha waziwazi kile ambacho volkano inaweza kufanya. Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa kwa wakati. Wapo waliokufa, wengi wao kwa kuangukiwa na mapaa yaliyolemewa na majivu yaliyolowa mvua, na baadaye kwa maradhi kambini. Lakini maelfu mengi walinusurika kwa sababu picha na namba zilieleweka.

Mfano wa Italia unahusu neno lenyewe. Tarehe 6 Aprili 2009 tetemeko la ukubwa wa 6.3 liliua watu zaidi ya 300 katika mji wa L’Aquila. Siku chache kabla, matetemeko madogo yalipowatia watu hofu, wataalamu walikutana na maneno ya kutuliza yakatolewa hadharani. Mwaka 2012 mahakama iliwatia hatiani watu saba. Mwaka 2014 wanasayansi sita waliachiwa huru katika rufaa, na ofisa mmoja akapunguziwa adhabu. Lililobaki baada ya kesi ni somo kwamba “hakuna uhakika kuwa litatokea” na “halitatokea” ni sentensi mbili tofauti, lakini sikio lenye hofu huzisikia kama moja.

Kiswahili kina mtego wake hapa, nao ni neno utabiri. Mamlaka ya hali ya hewa hutabiri mvua. Mnajimu hutabiri bahati. Kwa wengi utabiri ni jambo linalotimia au linalomfedhehesha mtabiri. Hakuna mwanasayansi awezaye kutabiri siku na saa ya tetemeko. Anachoweza ni kukadiria uwezekano kwa miaka kadhaa. Ingefaa basi utabiri uachwe katika muktadha wa matetemeko, na makadirio ya uwezekano yashike nafasi yake. Kwa upande wa ngazi za onyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imekwisha kuonyesha njia kwa kupanga maneno matatu kwa daraja: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake. Mpangilio kama huo ukikubaliwa kwa volkano na bahari katika nchi zote zinazotumia Kiswahili, mkimbizi anayetoka Goma kwenda Gisenyi hatahitaji mkalimani wa hatari.

Mfano wa mwisho ndio wenye nguvu kuliko yote. Mwaka 1907 wimbi kubwa la bahari lilikipiga kisiwa cha Simeulue, magharibi mwa Sumatra, na kuua watu wengi. Walionusurika waliliita smong, na wakalifundisha neno hilo kwa watoto na wajukuu kwa hadithi na nyimbo. Ndani ya neno mna maagizo: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikirudi nyuma, acheni kila kitu mpande mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea jirani kabisa na kisiwa hicho. Watu zaidi ya laki mbili walikufa kuzunguka Bahari ya Hindi. Katika Simeulue, kisiwa chenye wakazi wapatao 78,000, walikufa watu saba.

Wimbi hilo hilo lilifika kwetu baada ya saa nyingi. Somalia ilipoteza mamia ya watu, Tanzania, watu wasiopungua kumi, Kenya, mmoja. Kiswahili kikaazima neno tsunami kutoka Kijapani na kulitia magazetini. Hakuna ubaya katika kuazima. Lakini neno lililoazimwa lilikuja tupu, bila maagizo yake, ilhali maarifa ya kulijaza yako pwani tangu zamani. Mvuvi wa Kiswahili anajua kupwa na kujaa. Anajua bamvua na maji mafu, na anajua tarehe za mwezi za kila kimoja. Mtu huyo akiona, siku ya maji mafu, bahari imepwa kuliko siku ya bamvua, na samaki wanarukaruka mchangani, ana lugha kamili ya kusema kwamba maji haya yamepwa si kwa wakati wake. Kinachohitajika ni kuifunga sentensi hiyo na ya pili: maji yakipwa si kwa wakati wake, usiyafuate, panda juu.

Inapasa kuongeza hadhari moja. Si kila hekaya ya mlima ni kumbukumbu ya volkano. Wachaga husimulia jinsi Mawenzi alivyomwendea Kibo kuomba moto mara kwa mara hadi akapigwa kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kimechongokachongoka. Wapo wanaoona humo ushahidi wa mlipuko ulioshuhudiwa na mababu. Haiwezekani. Moto wa Mawenzi ulizimika mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Hekaya hiyo inaeleza umbo la mlima, haielezi tukio. Hekaya ya Simeulue ina mwaka na ina hatua za kufuata. Mtafiti wa fasihi simulizi hana budi kuzitenganisha.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ukubwa wa tetemeko au wa volkano hautoshi kueleza ukubwa wa msiba. Kati ya bamba linalosogea na mtu anayekufa kuna ukuta, kuna barabara, kuna mamlaka, na kuna neno. Mwanaisimu hawezi kuzuia mabamba yasiachane, wala si yeye wa kutia nondo kwenye kuta za Bukoba. Lakini kutenganisha ukubwa na ukali, kulipuka na kububujika, utabiri na makadirio, ni kazi yake. Kuingiza mazuku katika kamusi ni kazi yake. Na kukaa na wavuvi wa Kilwa, Pemba na Lamu ili maneno yao ya bahari yaingie katika matangazo ya tahadhari, badala ya kutafsiri matangazo yaliyoandikwa ng’ambo, ni kazi yake pia.

Kazi hizo zinafaa kufanywa wakati ardhi imetulia. Usiku ule wa Mei 2021, lava ilipoanza kuangaza anga juu ya Goma, hapakuwa na nafasi ya kuunda istilahi. Watu walitumia maneno waliyokuwa nayo.